Ngoma Niliyoimwagia Maji

Juzi, kwenye simu ya binti yangu, niliwaona Waafrika wa Brazil wakipasha ngoma zao moto, ikanijia harufu ya ngozi pale shuleni Ulemo.

Mwalimu Hadija alitufundisha uchezaji wa ndugu zetu waliovushwa bahari utumwani. Alasiri moja wazazi walikuja kuamua kama somo lake liendelee. Aliiweka ngoma karibu na moto ili ngozi ikaze. Mimi nikadhani inaungua, nikaimwagia maji; ngozi ikalegea, na alipoipiga mbele ya wazazi haikulia.

"Mwalimu, unapiga ngoma au gunia?" baba mmoja alicheka.

Somo likafutwa. Kusema haki, ada za shule zilikuwa zimerudishwa na wazazi walibana kila senti, labda wangelifuta tu hata bila maji yangu. Sikuungama. Mwalimu Hadija alipoondoka shuleni aliniachia mimi ngoma ile, akasema, "Wewe ndiye unayeijali, mwanangu; hukutaka iungue."