Habari Iliyongoja Matanga Yaishe

Jibu la viza lilifika nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga ya mama yangu, kule Nyankunde. Lilisema siwezi kumfuata mume wangu Uingereza, na kama sikuridhika nikate rufaa ndani ya muda uliowekwa. Muda ukaanza kwenda, mimi sina habari. Nilikuwa nimetoa adresi ya barua pepe ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kwa sababu yeye ana kompyuta na mimi nina samaki wa kuuza.

Tulipoondoa matanga, siku arobaini zilipotimia, nikarudi Bunia. Shemeji akaja kwangu mtaani Nyakasanza, akanywa chai yote, ndipo akatoa simu. Nikasoma. Nikasoma tena, maana mara ya kwanza siamini hata mizani yangu. Muda ulikuwa umepita.

"Hii uliiona siku gani?"

"Siku ile ile ilifika."

"Na ukanyamaza?"

"Weye ulikuwa kwenye matanga. Mutu anazika mama yake, mimi nimuletee kilio ingine? Hata kaka kule nilimuambia jibu bado."

Sikuweza kumgombeza. Kwetu mfiwa haongezewi habari mbaya. Mimi pia ningemficha.

Avoka, wakili wa mume wangu kule Uingereza, alituambia kwa simu mlango uliobaki ni mmoja: tuombe mahakama ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Aliyechelewesha aeleze sababu, atie sahihi, na karatasi imfikie kabla hajafunga ofisi jioni hiyo.

"Tuandike rezo ya simu ilikatika," shemeji akasema.

"Rezo ilikuwa inafanya. Ulikuwa unanitumia pole kila asubuhi. Ziko mu simu."

"Basi nilikuwa mugonjwa."

"Wa nini?"

Akafikiri. "Malaria."

"Mwezi muzima? Malaria gani hiyo, iko na mukataba?"

Hakucheka. Sokoni mteja wa namna hii namwacha aende, atarudi mwenyewe na bei ya maana. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kati yake na mlango.

"Andika vile ulifanya, shemeji."

"Watasema niko mujinga. Na jina langu iko chini."

"Watasema. Kisha watauliza kama ni kweli, na itakuwa kweli. Sina kitu ingine ya kuwauzia."

Akaandika. Neno "nilificha" alilifuta, nikalirudisha, akalifuta, nikalirudisha. Tulituma betri ikiwa nyekundu.

Jibu lilipokuja, nilikuwa msibani tena, kwa jirani. Shemeji aliingia katikati ya wimbo, akaruka miguu ya wamama waliokaa chini, hakumpa mtu pole. Wazee wakamkazia macho. Akaniwekea simu mkononi.

"Soma sasa."

Ruhusa tulikuwa tumepewa. Rufaa yenyewe bado, na muda wake ulikuwa umeshaanza. Nilisoma mara mbili.

"Toa pole kwanza," nikamnong'oneza.

"Nitarudi kutoa. Weye simama."