Pilipili za Ernesta wa Kileo

Mwinjilisti Aminieli hakuwa mtu wa kulia hovyo, lakini siku ile alilia mezani kwangu. Nilikuwa nimemkatia kachumbari ya hoho za kwanza kutoka shambani, changa, za kijani, na nimeshajisifu kabla hajanawa mikono kwamba hizi ndizo zitakazoliwa kwenye hoteli za Arusha. Alitafuna mara mbili. Akaweka kijiko chini, akashika meza kwa mikono yote miwili, machozi yakamtiririka hadi kwenye kola. Nilidhani anasali. Nikaonja mwenyewe, na mimi nikashika meza.

Hazikuwa hoho. Zilikuwa pilipili, tena kali za kuua, na zilikuwa zimejaa kwenye mashamba ya wanawake kumi na wawili, zikinywa maji ya ndiva ya kijiji kizima.

Asiyetoka kwetu mlimani, juu ya Bendera, hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Ndiva ni bwawa dogo tuliloachiwa na babu zetu. Linajaa usiku, linafunguliwa alfajiri, na kila nyumba ina zamu yake. Mfereji ukibomoka tunakwenda wote msaragambo kuujenga, mwenye nacho na asiye nacho. Kiangazi kile cha mwaka themanini na nane, watu walikubali mahindi yao yasinyae ili sisi kumi na wawili tupate zamu ya ziada, kwa sababu Ernesta aliwaahidi kwamba hoho zitalipa jasho la kila mtu.

Ernesta ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Sifael. Alitoka Kileo, huko tambarare ya Mwanga, na alipoolewa huku nilimcheka sana kwa jinsi alivyoogopa miteremko yetu. Lakini mkono wake kwa mbegu haukuwa na mfano. Kitalu chake kiliota hata mwaka ambao mbegu za wengine zilioza. Kaka yangu alimwachia kipande kimoja tu chini ya mfereji, udongo mwekundu usiotoa hata mchicha bila maji. Ukimnyima Ernesta maji, umemnyima chakula.

Miaka ile ya ruksa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni, na ghafla Same mjini kukawa na kila kitu: mitumba, redio, na mbegu za ng'ambo. Yahaya, mzaliwa wa Kwakoa, aliuza mbegu karibu na stendi. Alikuwa na kopo kubwa lenye picha ya hoho nyekundu, anapima kwa kizibo cha soda, nawe unakuja na chombo chako. Ernesta alikwenda na kopo la maziwa ya kliniki. Sote tulikuwa nayo makopo hayo. Wakati wa shida hakuna aliyetupa kopo, na hakuna aliyeamini maandishi yake. Chumvi ilikaa kwenye kopo la kahawa, mafuta ya taa kwenye chupa ya divai. Kopo la mbegu lilitiwa jivu kuzuia wadudu, likawekwa darini juu ya moshi wa jiko. Siku ya kusia nilikwenda kumsaidia. Nilimshushia kopo, nikamchotea maji, nikamkosoa mistari yake. Miche ilipokua akatugawia.

Basi, nilipomwacha mwinjilisti na kikombe cha maziwa, nilikimbia hadi shambani kwa Ernesta. Nilimkuta amechuchumaa kati ya mashina.

"Wifi, umeonja balaa hili?"

"Sijaonja. Nilijua toka maua," akasema. "Hoho hutoa ua moja kwenye kifundo. Hizi zimetoa mawili, kwingine matatu."

"Ulijua ukanyamaza? Na maji ya watu?"

"Nilijua si hoho. Sijajua ni pilipili gani. Tunda likiiva litanitajia lilikotoka."

Mimi sikuhitaji kutajiwa na tunda. Lilikotoka ni kwa Yahaya, yule mlaghai wa stendi. Wiki ile nilipita nyumba kwa nyumba. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Mzee Melkizedeki, msimamizi wa ndiva, akatangaza kwamba Yahaya akija gulioni Jumamosi, shauri litasikilizwa palepale. Sheria yetu ni ya zamani: aliyewapotosha watu hata wakatoa maji ya ndiva, zamu yake hufungwa misimu miwili. Yahaya hakuwa na zamu ya kufungwa, lakini alikuwa na baiskeli, na alikuwa na uso wa kuaibishwa.

"Na kama si Yahaya?" akauliza mzee.

"Atakuwa nani?" nikamjibu.

"Atakuwa mwenye kitalu."

Maneno hayo yalinichoma. Misimu miwili bila maji, Ernesta angehama. Nikazidi kumkaba Yahaya kwa maneno. Mimi ndiye niliyetoa wazo la mkufu: avishwe pilipili zake shingoni, atembezwe gulio zima. Watu walicheka, wakapiga makofi. Ijumaa nikazitunga mwenyewe kwenye kamba ya mkonge kwa sindano ya gunia, nikizipasua moja moja ili ziwashe vizuri, mpaka vidole vikawaka moto. Nilifurahi, sisemi uongo.

Jioni ile nikapita kwa Ernesta kumwonyesha. Alikuwa na pilipili moja mkononi, ya kwanza kuiva. Ilikuwa ya njano, mabega mapana yenye mikunjo, na chini ina kimkia. Aliinusa. Akaivunja, akailamba kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Halafu akakaa chini kwenye tuta.

"Ni pilipili gani?" nikauliza.

"Nimeijua."

"Si useme!"

"Kesho, Dorkas." Akaingia ndani na hakutoka tena.

Jumamosi Yahaya alikuja akisukuma baiskeli yake mlimani, jasho linamtoka, hana habari. Alisema "Shikamoo mzee" kwa Melkizedeki, na kabla hajaitikiwa vijana wakaishika baiskeli. Aliposomewa kosa lake akainua mikono.

"Wazee wangu, mimi napima mbele ya macho ya mteja. Kopo langu lina picha, na mbegu zake zimeota hoho hadi Hedaru. Kwa nini zigeuke hapa tu?"

"Zimegeuka kwa sababu umezigeuza!" nikapaza sauti, nikainua mkufu. Umati ukanguruma. Mmoja alikuwa ameshamvua Yahaya kofia.

Hapo Ernesta akapita katikati ya watu. Mikononi alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya kliniki, yanafanana kama mapacha.

"Mwacheni," akasema. Akafungua la kwanza, akapuliza jivu. "Mbegu za Yahaya hizi hapa. Hazijaguswa. Zilikuwa darini siku zote."

Watu wakasogea kuchungulia. Akafungua la pili, halikuwa na kitu isipokuwa jivu.

"Hili nilipewa Kileo siku ya matanga ya mama yangu. Pilipili yake ya uani. Miaka mitatu sikuweza kulifungua. Siku ya kusia lilishushwa hili, na mbegu ya pilipili na ya hoho zote ni njano, zote ni bapa. Jana nimeonja tunda, nikamkumbuka mama. Yahaya hana kosa."

Mimi nilikuwa nimeinua mkono wenye mkufu, na mkono ukabaki juu. Nilijiona niko kwenye ngazi ya jikoni, moshi machoni, makopo mawili kando kando, nami nachukua la karibu kwa haraka. Sikuuliza ni lipi.

Mzee Melkizedeki aliyatazama makopo, moja baada ya jingine. "Ernesta, unasema lilishushwa. Nani alilishusha?"

Ernesta alitazama kila mahali isipokuwa niliposimama.

"Nyumba ni yangu, mzee. Mikono iliyosia ni yangu."

"Unajua sheria."

"Naijua."

Zamu yake ikafungwa misimu miwili. Mzee aliyasema hayo akiwa ameinamisha kichwa. Kisha mtu mmoja nyuma, simjui na sitaki kumjua, akauliza, "Na mkufu?" Hakuna aliyecheka. Ernesta akanijia, akanyoosha mkono, akauchukua kwenye vidole vyangu, akauvaa. Akatembea gulio zima kutoka mwanzo hadi mwisho, shingo ikigeuka nyekundu. Yahaya alirudishiwa baiskeli lakini hakuipanda. Aliikokota nyuma ya Ernesta polepole, kofia mkononi, mpaka wifi yangu aliposhika njia ya nyumbani.

Sikulala vizuri siku tano. Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya maji. Asubuhi nilibomoa tuta la mfereji wangu, nikayaelekeza maji shambani kwa Ernesta, nikajifanya napalilia. Alikuja na jembe, akaziba kwa udongo bila haraka, akakanyaga vizuri.

"Wifi," nikamwambia, "kwa nini hukunitaja?"

Shingo yake ilikuwa bado ina malengelenge. Alijibu taratibu kama anayemwelekeza mtu njia.

"Ulikuwa umeshawafundisha watu cha kumfanyia mwenye kosa. Wangekufanyia wewe."

Nililia palepale, nikiwa nimesimama matopeni. Hakunibembeleza. Alirudi kuchuma pilipili za mama yake.

Mkufu ule alikuwa ameutundika kwenye uzio ukauke. Nikautwaa, nikauvaa, nikashika njia ya kwenda kwa Mzee Melkizedeki. Jua lilikuwa limeshapanda, na watu wote walikuwa mashambani, kando ya njia.