Barua Yangu ya Kupinga Ghorofa

Bango lilipotundikwa kwenye lango la jirani yangu hapa Karen, kutangaza kwamba nyumba yake itabomolewa zijengwe ghorofa nane, niliona hivyo ni vita vyangu. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mwalimu mkuu mstaafu asiye na wa kubishana naye ni hatari kwa mtaa mzima. Bango lilisema mwenye pingamizi aandike. Niliandika kurasa tatu, nikateremka River Road kutoa nakala, nikapita lango kwa lango nikiomba sahihi. Kusema kweli, nilifurahia. Majirani ambao kwa miaka kumi tulipungiana mikono tu kupitia vioo vya magari walinikaribisha chai.

Tulishinda. Jirani akanyimwa kibali, na chai nayo ikaisha.

Jumapili iliyofuata mwanangu alikuja na mkewe na mtoto wao mchanga kutoka Riruta, walikopanga. Nilimsimulia ushindi wangu tangu mwanzo, bila kuruka ukurasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

“Baba, hapo ndio tulikuwa tunakuja kuishi,” alisema. “Tulikuwa tushabuku nyumba ya chini kwa hiyo ghorofa. Ndio mtoto akuwe anavuka tu kwako.”

Alikuwa amenificha ili anishtukize siku ya kuhama.

Vyumba vitatu vya nyumba yangu ni vitupu, lakini kwetu Bungoma mwana aliyeoa halali chini ya paa la baba yake, na mkaza mwana hampi baba mkwe hata mkono. Kijijini angejijengea yake pale pale uani. Hapa sheria ya mtaa hairuhusu nyumba ya pili kwenye kiwanja changu. Sheria hiyo niliisifu sana katika ukurasa wa pili.

Nikawaambia mila ziliwekwa na watu, wahamie kwangu hata kesho. Mkaza mwanangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mtoto mgongoni. Alijibu akitazama sakafu.

“Baba, asante. Lakini nikilala hapa, kwetu watasema nimekuvunjia heshima. Siwezi.”

Nilihuzunika, na papo hapo nikahisi nafuu, kwa maana angekubali mimi mwenyewe nisingepata usingizi. Nafuu hiyo inanitia aibu mpaka leo.

Walipata nyumba Kitengela, mbali nje ya jiji. Huja mara moja kwa mwezi na huondoka kabla ya giza. Safari iliyopita mtoto alisinzia kifuani pangu. Nilikaa bila kujitikisa, mguu umekufa ganzi, nikiomba jua lisishuke. Lilishuka. Bado ananyonya, hawezi kuachwa. Mwanangu alimwinua taratibu asimwamshe, nami nikatangulia kwenda kuwafungulia lango.