Mdundo wa Mama

Jirani anababua kwato za mbuzi za supu, na harufu kama ya pembe linaloungua imeniingia mpaka kooni.

Mama alikuwa akitunga nyimbo za vugo, zile za wanawake harusini, huku akipiga pembe la nyati kwa kijiti. Harusi moja aliugeuza mdundo wa zamani, akauharakisha na kuukatisha katikati. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Asubuhi yake ami, ndugu yake baba, aliingia kwetu na shangazi nyuma yake.

"Mdundo ule umeutoa wapi, we mwanamke?"

"Nimeutunga mwenyewe, shemegi."

"Kwani wazee wetu hawakujua kupiga?"

"Basi kawafufue waje wanifunze."

Ami akalitupa pembe kwenye jiko la makaa. Mama alipolirukia, shangazi alimkamata mkono akaulaza sakafuni, na ami akamponda vidole kwa mchi, kimoja baada ya kimoja. Ni wao wawili. Niliwaona. Mama hakushika kijiti tena.

Siku hizi hakuna harusi hapa kwetu Amu bila mdundo ule. Juzi ami aliwaambia wageni, "Huu hauna mtunzi. Tumeachiwa na wazee wetu."