Baraka za Mama Mlangoni pa Kasino

Mtu asinisimulie ubaya wa kasino. Mimi sijawahi kuweka hata shilingi kwenye zile mashine zao, wala sina mpango huo, lakini nimelala nje ya kasino nyingi kuliko hao wanaocheza ndani. Mume wangu ni fundi magari mstaafu. Alipostaafu alinunua basi dogo chakavu, kosta, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, halafu akaniambia sasa tunazunguka nchi. Nikamwambia amechanganyikiwa. Leo ukija kuninyang'anya ile kosta tutauana.

Barabara ndiyo iliyotufundisha pa kulala. Kwenye vituo vya mafuta malori yananguruma mpaka alfajiri, na kando ya barabara unalala jicho moja wazi. Kasino kuna taa, kuna mlinzi asiyesinzia na choo kisafi. Nunua chakula kwao, usizibe njia, hakuna atakayekuuliza unatoka wapi. Nawavulia kofia wale watu.

Kwa hiyo tulipompeleka mama yangu Mwanza, tulijua tunakwenda kulala wapi. Sisi tunaishi Bukoba. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka alikuwa anaiona dunia kama mtu aliyekaa ndani ya chandarua. Hospitali ya Mwanza ilishampangia siku ya upasuaji. Yeye alishapanga yake.

"Nakwenda kumsikiliza daktari tu," alisema tangu tunatoka nyumbani. "Kuguswa, siguswi."

Jirani yetu mmoja alipasuliwa jicho akarudi haoni kabisa, na mama alikuwa anatembea na habari hiyo kama kitambulisho. Njia nzima, Muleba, Geita, mpaka tunavuka daraja la Busisi, nilibembeleza. Hakuna. Nilikuwa na hofu kubwa, nisifiche: akikataa safari hii, hatatoka tena Bukoba, na giza litamkuta amekaa jikoni kwake.

Kulala nako kukawa kazi. Mume wangu ni Msukuma, kwao Kisesa, na ndugu zake walishatandika vitanda. Mama akagoma.

"Nikajikwae kwenye vigoda vya wakwe, wanione nilivyokuwa kipofu? Sithubutu!"

Gesti nazo hakuzitaka, hajui nani alilalia lile shuka. Ikabaki kosta, na mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe, hata kama chumba chenyewe kina magurudumu. Mume wangu akabeba godoro lake akahamia kwenye kijumba cha mlinzi, bila kununa. Mwanamume yule, jamani, nampenda.

Tulipaki kwenye hoteli moja ya mjini inayotazama ziwa, kasino ikiwa chini, vyumba juu. Mama tulimwambia ni hoteli, nayo ilikuwa hoteli. Jua lilipoanza kushuka nikamtolea kigoda nje ya mlango wa kosta, akakaa na kitenge chake, anatafuna buni, zile kahawa kavu za kwetu Bukoba, taratibu kama alivyozoea. Wanaokwenda kucheza walikuwa wanapita hatua chache kutoka alipokaa, na nani Mwanza atampita mama mtu mzima bila salamu?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Mungu akutangulie huko uendako."

Nikaziba mdomo. Mume wangu, mtani wangu huyo, akajificha nyuma ya usukani, mabega yanatikisika. Haukupita muda, bwana mmoja mnene akatoka mbio na sahani ya kuku na soda, akapiga goti mbele ya mama.

"Mayu, umenibariki!" alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nimeingia tu, nimepata!"

Mama hakuelewa amepata nini, ila kuku alimpokea. Kuanzia hapo ikawa foleni. Watu waliokwisha kuingia wakawa wanatoka kuja kuamkia. Mama alifurahi kweli, akawabariki wote, mmoja mmoja.

"Watu wa Mwanza wana adabu!" aliniambia. "Hii harusi ni ya nani?"

Papo hapo akaja mwanamke mmoja, kandambili miguuni, kanga imefungwa haraka haraka. Akamwamkia mama vizuri, kisha akauliza kwa sauti ya kuchoka: "Mama, hujamwona mume wangu? Ana shati la drafti. Nimeambiwa yuko humu kasino, na kwamba kuna mama hapa nje anawaombea bahati."

"Humu wapi?" mama aliuliza.

"Kasino, mama. Wanakocheza kamari."

Mama yangu ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kushika. Alitema buni kwenye kiganja. Nikasema kimoyomoyo, basi, tumekwisha, kesho ni Bukoba. Lakini alinyoosha mkono, si kwangu, kwa yule mwanamke.

"Nishike. Nipeleke mlangoni."

Wakaenda, mama akipapasa ngazi kwa mguu. Pale mlangoni, muziki ukiwa juu, alisimama akaita kwa sauti ambayo mimi nilikuwa naijua tangu nina miaka mitano: "Mwenye shati la drafti! Mama anakuita!"

Muziki ulishushwa. Mwanamume akatoka, amejikunja, akachuchumaa.

"Zile baraka nilizokupa jioni," mama alimwambia, "nazichukua. Sikujua unakwenda wapi. Sasa nenda nyumbani na mkeo, nitakupa nyingine."

Yule bwana alimtazama mama, akamtazama mkewe, akainuka. Mama akawawekea mikono wote wawili vichwani, wakaondoka. Nilijivunia mama yangu kuliko nilivyowahi kujivunia mtu.

Alirudi kosta akakaa kitandani. Nilisubiri nigombezwe.

"Nimewabariki wangapi leo?" aliuliza.

"Wengi, mama."

"Nikibaki hivi nitabariki mpaka wezi wanaobeba ng'ombe wangu." Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja. "Asubuhi nipelekeni. Wanitoe hili pazia. Nikitoka huko kipofu kabisa, basi nitajua sioni na nitafunga mdomo."

Asubuhi aliingia chumba cha upasuaji akitembea mwenyewe. Mimi na mume wangu tulikaa kwenye benchi la nje, tumeshikana mikono kama watoto. Kesho yake muuguzi akamfungua bandeji ya jicho la kwanza. Mama alipepesa. Alitazama dirisha, akatazama vidole vyake, akavigeuza. Halafu akanitazama mimi.

Alinitazama muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Mama, unaniona?"

Akaniinamisha, akashika mvi zangu, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya chini ya macho. Machozi yakaanza kumtoka, muuguzi akamwambia asilie, jicho bado bichi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umezeeka mimi sipo."