Mkono wa mwenye mbwa

Jamani, leo mzee mmoja wa Nambambo kanitoa machozi kazini.

Mimi ni afisa mifugo. Tunapima damu ya mbwa, tujue kama wamewahi kuambukizwa virusi na wanyama wa porini. Mwenye mbwa ndiye anayemshika.

Mzee akasita. Si mnajua, mate ya mbwa ni najisi kwetu Waislamu.

Jirani yake Msukuma, mfugaji, akasema, "Niachie mimi, mzee wangu."

"Hapana. Miaka sita ananifukuzia nguruwe pori shambani. Nitanawa mara saba, moja kwa udongo."

Akanyoosha mkono.

Mbwa akajikunyata, akafumba macho.



"Mwanangu," mzee akaniambia taratibu, "anadhani nimeokota jiwe."

Damu nimechukua, majibu bado.

Nyie mnaofuga, mkinyoosha mkono, mbwa wenu anafanyaje?