Lugha Iliyowekwa Matangani

Saa mbili asubuhi Losana Giyomwa anamlisha nguruwe. Anammwagia maganda ya viazi vikuu na machicha ya nazi, kisha anampima mgongo kwa shubiri. Hajanenepa.

"Huyo nguruwe au panya?" anauliza Mzee Kaniku kutoka barazani. "Marehemu kaka yangu hawezi kuagwa kwa panya."

Losana hacheki. Kazi yake, katika visiwa hivi vya Milne Bay, ni kukusanya maneno ya lugha ndogo, kuyalinganisha, kujua zipi ni ndugu, kisha kukisia lugha mama iliyozizaa ilisemwaje. Tatu amekwisha kuzipatia ukoo. Ya nne imebakiwa na msemaji mmoja, Bibi Nemwaina, naye ameifunga mdomoni.

Aliizungumza na mumewe tu, Taubasi, kaka yake Mzee Kaniku. Taubasi alipofariki mwaka jana, kila mfiwa alijinyima kitu alichoshiriki na marehemu mpaka karamu ya kuondoa matanga, kama ilivyo desturi. Mwanawe aliacha samaki. Mjane aliacha lugha.

"Hata ndotoni siisemi," anasema Bibi kwa lugha ya majirani, akitafuna tambuu ya popoo. "Nikiisema kabla ya karamu, nitakuwa nimemla mume wangu."

"Neno moja tu, Bibi. La maji."

"Mwizi naye huanza na moja, mjukuu wangu."

Losana alikuja mara ya kwanza Taubasi akiwa hai. Aliandika maneno machache, akaona wazee wamechoka, akaahidi kurudi baada ya mavuno.

"Niliwaonea huruma," anasema. "Huruma hiyo imeniponza." Kwa maneno yale hawezi kujua kama lugha hii ni dada wa zile tatu, au ni mgeni aliyekopa kwao.

Karamu ya kuondoa matanga inataka nguruwe mkubwa, na nguruwe wa ukoo wa Taubasi wote walikufa kwa ugonjwa. Mshahara wa Losana ni kina mia nne, fedha ya huku, kwa wiki mbili, na nusu huishia kwenye petroli ya boti. Akamudu kununua kitoto tu, akikuze.

"Siku hiyo nitakaa na Bibi mpaka koo limkauke," anasema.

Bibi amekonda. Kikohozi chake kinasikika hadi zizini, na kila kikianza Losana husimama na ndoo mkononi mpaka kitulie. Anaogopa, wala hafichi.

"Nguruwe atakuwa tayari lini?" anauliza Bibi.

"Baada ya mavuno."

 Bibi anaisogeza sahani yake ya viazi vikuu, haijaguswa.

"Mpelekee. Kati yetu wawili, bora anenepe yeye."